Draken ya mtiki kutoka Nyakato: fundi huyu anasikiliza

Kama uko Mwanza na unatafuta mtu wa kukuchongea mfano wa ndege unaofanana kweli na ndege yenyewe, nenda Nyakato, upande wa SIDO, uwaulizie maseremala walioko kando ya barabara ya Musoma. Yupo kijana mmoja mwenye banda la mabati. Nje ameegemeza vitanda na fremu za makochi kama majirani zake wote, lakini ndani, kwenye rafu ya juu, ana meli, mabasi na ndege. Jina lake siliandiki kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Ulizia fundi wa meli, watakuonyesha, maana MV Victoria aliyowahi kuichonga ndiyo iliyomtangaza mtaa mzima.

Mimi nilimpa kazi ngumu kuliko meli. Nilitaka Draken, ndege ya kivita ya Sweden, kwa uwiano wa 1 kwa 32, yaani urefu wa sentimita 48 na upana wa mabawa unaokaribia sentimita 30. Nilitaka ile ya kikosi cha F 10, toleo la J 35J, rangi ya kijivu, imesimama kwa magurudumu yake. Alinitoza shilingi 220,000, pamoja na kibao cha kusimamishia na kasha la kusafirishia. Nimeridhika na kazi, na nitaeleza ni wapi alipopatia hasa, pamoja na yale ambayo hayakunifurahisha.

Nianze na sababu ya kutaka ndege hiyo na si nyingine.

Ni mstaafu wa hali ya hewa. Kazi yangu ilikuwa uwanja wa ndege wa Mwanza, kule Ilemela: kutazama mawingu, kusoma upepo na kuandaa taarifa ambazo rubani anazihitaji kabla hajaruka au kutua. Pale ndege za abiria na za jeshi zinatumia barabara moja ya kurukia, kwa hiyo masikio yangu yamezoea zote. Na sisi wa rika langu tunajua pia ndege ya kivita inafanya nini inapomjia mtu. Mwezi Machi 1979, wakati wa vita ya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilikuja kulipua matangi ya mafuta hapa mjini, ikakosa shabaha, mabomu yakaanguka kisiwani Saanane na kuua swala. Nilikuwa msichana wa shule. Siwezi kuweka ndege ya vita sebuleni kwa ajili ya urembo tu.

Hii niliiagiza kwa ajili ya mtu. Binti yangu ameolewa Ängelholm, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Skåne, kusini mwa Sweden. Baba mkwe wake, mzazi mwenzangu, alikuwa fundi wa ndege kwenye kambi ya jeshi la anga iliyokuwa hapo hapo mjini, na Draken ndiyo ndege aliyoihudumia ujana wake wote. Nilipokwenda kumwona binti, mzee alipojua nimefanya kazi uwanja wa ndege hakuniacha nikae. Alinitembeza.

Kikosi cha F 10 kiliundwa mwaka 1940 huko Malmö, kwenye uwanja wa Bulltofta, kikahamia Ängelholm mwaka 1945. Kilikaa hapo mpaka mwisho wa mwaka 2002, kilipovunjwa. Draken ziliingia kikosini miaka ya 1960, na ni hapo zilipomalizia utumishi wake katika jeshi la Sweden, mwaka 1998. Vikosi vingine vilikuwa vimeshahamia kwenye Viggen, ndege ya kivita ya Sweden iliyoifuata Draken. F 10 wakaendelea na Draken, tena zile za J 35J zilizofanyiwa matengenezo makubwa ili zidumu miaka zaidi. Ndiyo maana ukimtajia Draken mtu mzima wa Ängelholm, anakujibu kana kwamba umemtajia jirani yake. Yule mzee alinieleza jinsi ilivyokuwa: wake zao walijua kwa mlio tu kama zamu ya siku hiyo itachelewa kwisha, na watoto wa shule walikuwa wakinyamaza darasani mpaka ndege ipite, kisha mwalimu anaendelea na sentensi alipoiachia.

Sasa hivi kambi haipo. Mji una mto wake, Rönne å, unaojipindapinda katikati, una ufukwe mrefu wa mchanga, na una wafinyanzi wanaosifika kwa filimbi za udongo zenye umbo la ndege. Mgeni anaweza kukaa wiki nzima asijue kwamba palikuwa na jeshi. Lakini ukipelekwa na mwenyeji unaona. Uwanja wa jeshi sasa unatumika na ndege za abiria zinazokwenda Stockholm. Kuna jumba la makumbusho la ndege, na Draken zimo. Halafu kuna kiwanda cha magari cha Koenigsegg, hawa wanaotengeneza magari ya mbio kali yanayouzwa kwa mamilioni. Kiwanda chao cha zamani kiliungua mwaka 2003, wakahamia kwenye majengo ya F 10. Kikosi kidogo cha F 10 kilichokuwa kwenye majengo hayo kiliitwa Johan Röd, na alama yake ilikuwa mzuka. Wenye kiwanda wakaichukua alama ile, na magari yanayotengenezwa humo yanabandikwa mzuka kwa heshima ya wale marubani.

Hilo lilinigusa sana. Mzee hana gari la namna hiyo na hatakuwa nalo, lakini moja likipita barabarani anatazama nyuma yake kwanza, anauona mzuka, na anajua limetoka kwenye jengo gani na nani alikuwa akinywa kahawa mlangoni pale mwaka 1985. Mji umepoteza kambi, na bado kuna vijana ambao hawakuwahi kuiona Draken ikiruka lakini kila siku kazini mikono yao inapita kwenye alama ya kikosi chake. Niliporudi nyumbani nikaamua kwamba zawadi yangu kwa mzee itachongwa Mwanza.

Nilizunguka kwanza madukani mjini. Utapata ndege za plastiki za watoto, zinazowaka taa na kulia. Wachongaji wanaouzia wageni wana vifaru, twiga na mitumbwi. Ndege zao zote ni ile ile moja, yenye mabawa yaliyonyooka, ukitaka ya Sweden wanabadilisha rangi. Fundi wa Nyakato ndiye peke yake aliyeniuliza swali kabla ya kutaja bei.

"Mayu," aliniambia, huku anageuza picha nilizompa, "hii bawa lake mbona limevunjika katikati?"

Hapo ndipo nilipojua nimefika. Draken yote iko kwenye bawa. Mhandisi Erik Bratt na wenzake wa Saab, kampuni ya ndege ya kule Linköping, Sweden, walitaka ndege iende kasi kuliko sauti, na wakati huo huo iweze kutua mahali pafupi. Bawa lililolala sana kuelekea nyuma ni zuri kwa kasi, lakini linasumbua ndege inapopunguza mwendo. Wakaunganisha mawili: sehemu ya ndani, iliyo karibu na mwili, imelala kwa nyuzi 80, na sehemu ya nje imelala kwa nyuzi 57. Jambo lilikuwa geni kiasi kwamba walitengeneza kwanza ndege ndogo ya majaribio, iliyoruka mwaka 1952, kuona kama bawa la namna hiyo linabeba kweli. Draken yenyewe iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Oktoba 1955. Haina bawa dogo la mkiani. Kazi yote iko kwenye hizo pembe mbili, na mchongaji akikosea pembe, hata apake rangi vizuri namna gani, atakuwa amechonga ndege nyingine.

Kijana akachukua mkebe wa hesabu wa mwanawe. Akaweka kipimapembe kwenye mstari wa mwili na kuhesabu nyuzi 80. Bawa likatokea limesimama wima kutoka ubavuni. Nikamweleza kwamba nyuzi hizo zinahesabiwa kuanzia mstari unaokata mwili kwa upande, kwa hiyo kati ya bawa la ndani na mwili zinabaki nyuzi 10 tu, na kwa bawa la nje zinabaki 33. Alinyamaza, akachora upya kwenye karatasi gumu, akakata kwa wembe, akainua juu kuelekea mlangoni kwenye mwanga. "Eeh," akasema, "sasa imekuwa mshale." Karatasi ile ndiyo aliyoitumia mpaka mwisho, imetobolewa msumari na kutundikwa juu ya meza yake ya randa.

Mwili na sehemu ya ndani ya bawa alivichonga kwenye gogo moja la mtiki, bila kuunga. Hilo lilikuwa wazo lake. Alisema kwenye picha haoni mahali mwili unapoishia na bawa linapoanzia, kwa hiyo akiunga, ufa utamsaliti rangi ikikauka. Sehemu za nje alizichonga peke yake na kuzishika kwa vijiti vya mbao na gundi. Nimepitisha ukucha kwenye maungio yote mawili, haukwami. Midomo ya kuingizia hewa, ile miwili iliyo kulia na kushoto kwa rubani, ameichimba kwa patasi nyembamba mpaka kidole changu cha mwisho kinazama. Wengi wangepaka duara jeusi wakamaliza.

Nilimpa pia jambo dogo la kumpima. J 35J ina mzinga mmoja tu, upande wa kulia. Draken za mwanzo zilikuwa na miwili, baadaye ule wa kushoto ukaondolewa ili kupata nafasi ya vifaa vya umeme. Nilimwambia mara moja, siku ya kwanza, katikati ya mazungumzo mengine, na sikurudia. Nilipokwenda kuiona kazi, tundu lilikuwa kulia, na kushoto palikuwa laini.

Magurudumu ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Miguu ameitengeneza kwa spoku za baiskeli, akazikata na kuzilehemu, na matairi ni mpira wa kandambili uliozungushwa kwenye msasa mpaka ukawa duara. Draken ina magurudumu mawili madogo zaidi chini ya mkia, yanayotoka wakati wa kutua, kwa sababu inatua ikiwa imeinua pua juu sana ili hewa isaidie kuifunga breki, na bila hayo mkia ungekwaruza lami. Picha nyingi hazionyeshi. Nilimchorea, akayaweka.

Kibao cha chini hatukukifanya kiwe uwanja wa ndege. Tulikifanya barabara. Sweden ilijua kwamba vita ikitokea viwanja vyake vitalipuliwa kwanza, kwa hiyo Draken ilitengenezwa iweze kutumia vipande vya barabara za kawaida zilizonyooka, na kuhudumiwa hapo kwa dakika chache na vijana walioko jeshini kwa mujibu wa sheria. Mzazi mwenzangu alikuwa akiwasimamia vijana hao, msituni, kwenye baridi ambayo mimi nilishindwa kutoka nayo nje hata kwenda dukani. Kwa hiyo kibao kina lami ya rangi nyeusi isiyong'aa, mstari mweupe wa vipande katikati, na pembeni kabisa, padogo, mzuka wa Johan Röd. Ndege iko juu ya mstari, na pua imepita kidogo ukingo wa kibao.

Rangi hakupaka yeye. Ana jirani anayepulizia magari, na alimpelekea. Mtiki una mafuta yake, ukipaka moja kwa moja rangi inakataa au inabanduka baadaye, kwa hiyo waliupangusa kwanza kwa tina, ukakauka, ndipo ikaja praima, kisha kijivu cha juu na kijivu chepesi cha chini. Namba 10 iko puani, safi kabisa. Alama ya taifa, yaani duara la bluu lenye taji tatu za njano, ilichorwa kwa brashi ya mkono. Kwa ukubwa ule, kila taji ni dogo kuliko punje ya mchele, na hapo ndipo kuna kasoro ya kwanza: bawa la kushoto taji moja limeinama. Anayetazama kwa mbali hataliona. Mimi naliona.

Kasoro ya pili ni kioo cha rubani. Amekichonga kwa mbao na kukipaka nyeusi inayong'aa. Nimeona mafundi wa mabango hapa mjini wakipinda plastiki angavu kwa moto na kupata umbo lolote, kwa hiyo inawezekana, na kwa bei niliyolipa ningependa kuona kiti ndani. Nilipomwambia alikiri hajawahi kujaribu, na akasema ijayo atamtafuta mtu wa mabango.

Ya tatu ni muda, na hii ndiyo iliyonikera kweli. Alichelewa sana kupita siku tuliyokubaliana. Sababu ilikuwa makochi. Watu wengi walitaka makochi mapya kabla ya sikukuu, na makochi ndiyo yanayomlipia ada za watoto. Sababu hiyo naielewa. Nisichokielewa ni kukaa kimya. Mteja ana tiketi ya ndege yenye tarehe, anapiga simu, anaambiwa "kesho mama", na kesho anaambiwa hivyo hivyo. Angenieleza ukweli mapema ningepanga mambo yangu. Mwishowe nilikwenda kukaa bandani kwake asubuhi kutwa, nikaleta chai na viazi, na kazi ikaenda. Si kila mteja atakuwa na nafasi hiyo.

Kasha, kwa upande mwingine, ni zuri kuliko nilivyotarajia. Ni plaiwudi nyepesi, ndani kuna vipande vya godoro vilivyokatwa kufuata umbo la ndege, kwa hiyo inakaa bila kugusa mbao mahali popote. Lilipita kwenye mizigo ya ndege, likapita garini, na tulipolifungua Ängelholm hakuna mguu uliopinda.

Mzee hakusema kitu kwa muda. Aliivalia miwani. Alianza na bawa, akaweka viganja viwili pale pembe inapobadilika, kulia na kushoto. Kisha akashusha kidole mpaka kwenye tundu la mzinga wa kulia, akahamia kushoto, akapapasa pale palipo laini. Halafu akaiinua na kuigeuza chini juu kutafuta magurudumu ya mkiani. Binti akanitafsiria: anauliza kama huyo fundi amewahi kufanya kazi na ndege. Nikamjibu kwamba anatengeneza vitanda, na kwamba ndege anaziona zikipita juu ya mji kuelekea Ilemela. Mzee akasema mrija wa puani ni mfupi kidogo. Alisema kwa sauti ya mtu anayempa mwanafunzi mzuri sahihisho lake la mwisho, na nilifurahi, kwa sababu mtu hasahihishi kitu ambacho hakihesabu kuwa cha kweli. Jioni ile alikipeleka kibao kwenye meza iliyo dirishani na kuanza kumweleza mjukuu wetu, kwa Kiswidi, jinsi ya kujaza mafuta.

Nimemfikishia fundi habari ya mrija. Ameuandika kwenye karatasi lile lililotundikwa.

Kwa wanaotaka kwenda: mpelekee picha za ndege yako kwa pande tatu, yaani juu, ubavuni na mbele, pamoja na vipimo halisi vya urefu na mabawa, uwiano atapiga hesabu mwenyewe. Kama kuna kitu kidogo unachokijali, mwambie siku ya kwanza, atakikumbuka. Mwambie mapema unataka kioo cha plastiki angavu. Nembo ndogo ndogo ni bora uzichapishe stika mjini umpelekee, mchoraji wake ana mkono mzuri lakini si kwa udogo ule. Malipo ni nusu mwanzo na nusu ukichukua mzigo, usilipe yote kwa mkupuo. Tarehe unayompa iwe mbele ya ile unayoihitaji kwa wiki kadhaa, na ukiweza usimpe kazi kuanzia Novemba mpaka mwaka mpya upite. Meli anazifanya haraka zaidi na bei yake ni ndogo. Jumapili hafungui.